Bakteria wa Tumboni na Uhai wa Aliyepandikizwa Uloto

Mhadhara kwa wananchi wa Robanda, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara

  

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wenu mnauita sikoseli. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2021, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa imeanza kupandikiza seli shina, zile zinazozaa damu ndani ya uloto, kwa wagonjwa wa saratani ya uloto, kila mgonjwa akirudishiwa seli zake mwenyewe. Kwa miaka mingi tiba hii ilikuwa ya kuifuata India, Ulaya au Marekani, kwa fedha ambazo hata ukoo mzima ukiuza ng'ombe hauzifikishi. Leo inafanyika ndani ya nchi yetu, na mtoto wa Robanda anaweza kuifikia kwa basi, akipitia Bunda, Mwanza, Shinyanga na Singida.

Ndiyo maana nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hata vyuoni kwetu bado linazungumzwa kidogo. Mtu anapopandikizwa uloto, kupona kwake kunamtegemea daktari, dawa na ndugu aliyemchangia. Lakini kunafungamana pia na bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wake. Nchi inayoanza tiba hii sasa inaweza kuwachunguza bakteria hao tangu mapema, kabla mazoea hayajaota mizizi. Nataka tuitumie nafasi hiyo, na nataka nanyi muidai.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja, kwa sababu ya damu yetu. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao walipima matone ya damu zaidi ya 17,000 ya watoto wachanga kutoka mikoa tisa ya kanda ya ziwa na magharibi, Mara ikiwa mmojawapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano duniani zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Si laana, wala si mambo ya mila kukiukwa. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba aliyebeba kinasaba kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria ya miaka mingi, kama pembezoni mwa ziwa letu, kinasaba hicho kilisalia na kuenea. Shida huja pale mama na baba wote wawili wanapokuwa wamekibeba. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa.

Mtoto huyo ndiye tunayemzungumzia. Ndiye anayelia mifupa usiku, anayeongezewa damu mara kwa mara, anayekosa shule. Kumpandikiza uloto ni kumwondolea kiwanda kinachotengeneza chembe nyekundu zilizopinda na kumpa kingine. Anayefaa zaidi kumchangia ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye alama zake za kinga zinalingana na zake, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Ndugu aliyebeba kinasaba kimoja tu, asiyeugua, anaruhusiwa kuchangia. Katika familia zetu zenye watoto wengi hiyo ni neema, na nawaomba akina baba wailewe hivyo.

Tiba hii ina matokeo mazuri. Madaktari wa nchi mbalimbali walipokusanya habari za wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana nao kati ya mwaka 1986 na 2013, walikuta kwamba baada ya miaka mitano karibu 93 kati ya kila 100 walikuwa hai. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2017. Nawatajia mapema ili mzazi asiyasikie yanayofuata akaogopa akakimbia. Ninayoyasema yanahusu namna ya kuwapunguza hao saba wanaopotea, na yanawahusu zaidi wagonjwa wa saratani za damu, ambao kwao hatari ni kubwa kuliko kwa watoto wa selimundu.

Sasa tuingie wodini. Siku kadhaa kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake. Kisha seli shina za mchangiaji huingizwa kwa mshipa, kwa njia ileile ya kuongezewa damu. Zenyewe hujua pa kwenda: huingia ndani ya mifupa na kuanza kazi. Lakini kazi hiyo haionekani mara moja. Kwa muda wa wiki mbili hadi tatu mgonjwa anabaki karibu bila chembe nyeupe, yaani bila askari. Na zile dawa zilizoua uloto hazichagui. Zinaua kila seli inayogawanyika haraka, zikiwemo za kinywa na za ngozi ya ndani ya utumbo. Nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, chakula hakimezeki, tumbo linaharisha. Homa ikipanda, daktari hana ruhusa ya kungoja. Anaweka dripu ya antibiotiki kali saa hiyohiyo, na akichelewa mgonjwa anaweza kufa kabla ya asubuhi.

Fikirini basi hali ya bakteria wa tumboni katika siku hizo. Chakula chao, yaani mabaki ya nafaka, mboga na maharage tunayokula, hakishuki tena. Nyumba yao, ule ute unaofunika utumbo, imechubuka. Na dawa iliyowekwa kuua bakteria wabaya kwenye damu inashuka hadi kwao nao inawaua. Wale wapole, wanaohitaji mahali pasipo na hewa ya oksijeni na wanaokula nyuzinyuzi, ndio wanaotangulia kufa. Wanaobaki ni wachache wagumu: enterokoka, klebsiela, esherikia. Katika tumbo lililokuwa na mamia ya aina, aina moja inapanda mpaka inakuwa theluthi, nusu, wakati mwingine karibu wote.

Wazee wa hapa hawahitaji maabara kulielewa hilo, kwa sababu nyika yao imekwisha kuwaonesha. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ikaendelea kuwaua ndama wa nyumbu kwa zaidi ya nusu karne. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka porini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walihesabiwa kama 250,000; kufika mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zilizokuwa zikisimama mpaka kiangazi zikaliwa, moto wa porini ukapungua, na miti michanga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata kukua. Aliyechanja ng'ombe hakuwa na nia ya kupanda miti, lakini miti iliota. Tumbo la mwanadamu nalo limeungana kwa namna hiyo. Ukigusa kiumbe kimoja, hujui utakuwa umegusa vingapi, na ukiua vingi kwa pamoja, kinachorudi kwanza si lazima kiwe kile ulichokipenda.

Wataalamu walianza kuhisi habari hii zamani. E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi ya kupandikiza uloto, alijaribu tiba hiyo kwa wanadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Alama za kinga zilikuwa bado hazijaeleweka, na wagonjwa wake wa mwanzo walikufa. Baadaye, wagonjwa walipoanza kuishi muda wa kutosha, likaonekana tatizo jipya. Chembe za kinga zilizokuja pamoja na uloto wa mchangiaji ziliuona mwili wa mpokeaji kuwa mgeni, zikaushambulia: ngozi, ini na hasa utumbo. Naomba tuliite shambulio la kipandikizi. Mwaka 1974 Mholanzi van Bekkum na wenzake walichapisha jambo la kushangaza. Panya wa maabara waliosafishwa bakteria wa tumboni walipata shambulio jepesi kuliko wenzao, hata walipopewa uloto usiolingana nao.

Hitimisho la wakati ule lilikuwa jepesi: bakteria ni adui, tuwaue wote. Hospitali kadhaa zikawaweka wagonjwa katika vyumba vilivyochujwa hewa, zikawapa dawa za kusafisha tumbo lote. Matokeo yalipishana, hospitali moja ikisema imesaidia na nyingine isione kitu. Tumbo la mtu halisafishiki kama la panya aliyezaliwa ndani ya kasha la kioo. Ukidhani umewamaliza, umewaacha walio wagumu.

Hesabu kamili ilibidi ingoje mashine za kusoma vinasaba vya bakteria moja kwa moja kutoka kwenye choo kikubwa, bila kuwaotesha maabara. Mwaka 2014 watafiti wa Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitoa taarifa ya wagonjwa 80. Choo chao kilipimwa wakati uloto mpya ulipoanza kushika. Baada ya miaka mitatu, kati ya wale waliokuwa na aina chache za bakteria, waliokuwa hai walikuwa asilimia 36. Kati ya wale wenye aina nyingi, walikuwa asilimia 67.

Wagonjwa 80 ni wachache, na hospitali moja inaweza kuwa na mambo yake. Kwa hiyo Jonathan Peled, Marcel van den Brink na wenzao wa hospitali hiyo wakaungana na hospitali nyingine tatu: ya Durham huko North Carolina, ya Regensburg nchini Ujerumani, na ya Sapporo nchini Japani. Walikusanya sampuli 8,767 za choo kutoka kwa wagonjwa 1,362, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo. Mjapani na Mjerumani hawali chakula kimoja, wala hospitali zao hazitumii dawa zilezile. Hata hivyo, katika miji yote minne hadithi ilikuwa moja: aina za bakteria zinapungua siku zinavyokwenda, na bakteria wa aina moja anatawala. Huko New York, kati ya wagonjwa 354 wenye aina nyingi walikufa 104. Kati ya 350 wenye aina chache walikufa 136. Katika hospitali nyingine tatu kwa pamoja, kati ya 87 wenye aina nyingi walikufa 18; kati ya 92 wenye aina chache walikufa 35.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo mimi naliona zito kuliko yote, ingawa hutajwa kwa haraka. Wagonjwa wengi waliingia hospitalini kupandikizwa wakiwa tayari wamepungukiwa, wana aina chache kuliko watu wenye afya. Na upungufu huo wa kabla nao uliambatana na vifo. Maana yake ni kwamba habari ya tumbo la mgonjwa haianzii wodini Dodoma. Inaanzia nyumbani, katika miaka ya dawa na chakula iliyotangulia. Inaanzia hapa.

Mwanafunzi makini atanyanyua mkono aniulize: je, kupungua kwa bakteria ndiko kunakoua, au mgonjwa aliyezidiwa hupewa dawa nyingi zaidi, na dawa hizo ndizo zinazopunguza bakteria? Ni swali halali, na takwimu za aina hii peke yake hazilimalizi. Ndiyo maana majaribio ya panya yana kazi. Watafiti wa Michigan walionesha mwaka 2016 kwamba butireti, asidi ambayo bakteria wapole huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula, huzilisha na kuziimarisha seli za ukuta wa utumbo, na panya waliopewa asidi hiyo walipata shambulio la kipandikizi lililo jepesi zaidi. Ukuta ukiwa imara, bakteria hawavuki kuingia kwenye damu, na chembe za mchangiaji hazichokozwi. Tazameni sasa jinsi jambo lilivyogeuka tangu mwaka 1974. Bakteria wanaweza kulichochea shambulio, na bakteria wengine wanaweza kulituliza. Kinachoamua ni nani amebaki.

Kuhusu dawa, mwaka 2016 kundi lile la New York lilitazama kumbukumbu za wagonjwa 857. Waliopewa piperasilini pamoja na tazobaktamu, au imipenemu, walikufa zaidi kwa shambulio la kipandikizi kuliko wasiopewa dawa hizo; kwa sefepimu na azitreonamu uhusiano huo haukuonekana. Dawa zote hizo hutumika kutibu homa ya mgonjwa asiye na chembe nyeupe. Tofauti ilikuwa ni dawa gani. Hapa ndipo ninapowaomba madaktari wetu wawe na moyo wa kuchagua. Hakuna anayesema mgonjwa asiye na chembe nyeupe anyimwe antibiotiki. Huko ni kumuua. Tunasema iwekwe ile inayotosha, na iondolewe mapema inapowezekana. Ili kufanya hivyo hospitali ijipatie maabara ya kuotesha vijidudu inayotoa majibu kwa wakati, kwa sababu daktari asiye na majibu ya maabara analazimika kuua kila kitu.

Nigeukie maziwa, kwa kuwa niko kwa wafugaji. Mwaka 2019 watafiti walewale walionesha kwamba enterokoka, yule mgumu anayetawala tumbo la mgonjwa, hustawi kwa kula laktosi, yaani sukari ya maziwa. Panya walioondolewa laktosi katika chakula walipata enterokoka wachache na shambulio dogo. Kwa binadamu, wale ambao kwa asili yao tumbo halimeng'enyi maziwa vizuri ukubwani walikaa na enterokoka kwa muda mrefu zaidi baada ya antibiotiki, kwa sababu laktosi isiyomeng'enywa hushuka ikawa chakula chake.

Sikilizeni sasa kwa nini tunahitaji utafiti wetu wenyewe. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kupima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wanaokunywa maziwa ukubwani wana badiliko la kinasaba lililozuka hukuhuku, tofauti na lile la Wazungu. Kipimo kinachotafuta badiliko la Ulaya, kikiletwa kwa mtoto wa mfugaji wa huku, kinaweza kumsoma kuwa hawezi maziwa, kumbe anayaweza. Tukinakili maelekezo ya New York bila kupima watu wetu, tutamnyima mgonjwa chakula alichokizoea bila sababu, au tutampa kile kinachomdhuru. Na maziwa ya mgando, ambayo bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, hayamo kwenye vitabu vya lishe vya hospitali za huko. Yamo kwenye vibuyu vya huku. Nani atayapima kama si sisi?

Hapo naomba nisieleweke vibaya. Mgonjwa aliyetoka kupandikizwa hapewi mgando wa maziwa ambayo hayakuchemshwa. Katika wilaya hii ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo upo, na hupita kwenye maziwa mabichi. Hapewi kichuri, kile chakula cha matumbo ya mnyama, hata kama bibi yake wa Tarime amekipika kwa mapenzi yote. Kwa miezi kadhaa chakula chake kiive sawasawa na maji yake yachemshwe. Ninachokisifu, yaani mtama, ulezi, maharage, mgagani na mnavu, ni chakula cha miaka ya kabla ya tiba, na cha baada yake daktari akisharuhusu.

Na kwa selimundu kuna mkanganyiko ambao sitauficha. Mwaka 2015 watafiti wengine wa New York walichapisha kwamba bakteria wa tumboni huzifanya baadhi ya chembe nyeupe zizeeke na kuwa na ukali unaoziba mishipa midogo. Panya wenye selimundu walipopewa antibiotiki, kuziba kwa mishipa kulipungua. Wagonjwa waliokuwa wakinywa penisilini ya kinga nao walikutwa na chembe chache za namna hiyo. Kwa hiyo mtoto yuleyule ambaye kesho, akipandikizwa, tutataka awe na bakteria wengi wa kila aina, leo huenda ananufaika kwa kupunguziwa. Wapo watakaosema basi ushahidi umegongana, tuache. Mimi nasema hapo ndipo penye kazi. Watoto wenye selimundu tunao wengi kuliko New York, Regensburg na Sapporo kwa pamoja. Swali hili ni letu kulijibu, na penisilini ya kinga ya watoto chini ya miaka mitano isiachwe hata siku moja tukisubiri jibu, kwa sababu bila hiyo nimonia huwaua.

Upande wa kusini wa nyika hii, kuzunguka Ziwa Eyasi, wanaishi majirani zetu Wahadzabe. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 wakilinganishwa na Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, wakiwemo baadhi ambao ni adimu Ulaya. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionesha kwamba bakteria wao hupanda na kushuka kwa majira, msimu wa asali na matunda ukileta hawa na msimu wa nyama ukileta wale. Dunia nzima ya sayansi ya utumbo huwataja Wahadzabe. Lakini mashine zilizosoma sampuli zao zilikuwa ng'ambo, na majina yaliyoongoza taarifa hizo ni ya ng'ambo. Sijasema watafiti hao waliiba. Nasema kwamba nchi yenye Chuo Kikuu cha Muhimbili, yenye Bugando, yenye Taasisi ya Nelson Mandela Arusha na vituo vya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, haipaswi tena kuwa mahali pa kuchotea tu. Sampuli ya mtu wa Mara isomwe Tanzania, kwa ridhaa yake, na majibu yarudi kwake kwa lugha anayoielewa.

Wengine wamesikia kwamba siku hizi mgonjwa anaweza kuhamishiwa bakteria wa tumboni kutoka kwa mtu mwenye afya. Ni kweli, na majaribio yanaendelea. Mwaka 2018 watafiti wa New York walionesha kwamba choo cha mgonjwa kilichohifadhiwa kabla ya tiba kikirudishwa kwake mwenyewe baadaye, aina zake za bakteria hurejea. Lakini mwaka 2019 Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili waliopewa choo cha mchangiaji mmoja walipata bakteria sugu kwenye damu, na mmoja wao, aliyekuwa amepandikizwa seli shina, alikufa. Mchangiaji alionekana mzima. Hakuwa amepimwa kwa bakteria wale. Kwetu, ambako bakteria sugu wamesambaa, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa ulikuta kwamba kati ya wale waliokuwa na bakteria wa jamii ya esherikia na klebsiela kwenye damu walikufa zaidi ya asilimia 43, wakati vifo vya malaria vilikuwa asilimia 20. Usugu wa dawa ulikuwa sehemu ya sababu. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla hata ya duka la dawa kufika kila kijiji.

Kwa hiyo namalizia dukani. Mtu ana mafua, ananunua vidonge vinne vya rangi mbili, yaani antibiotiki. Mtoto anaharisha, ananunuliwa vidonge vya kuua vijidudu badala ya maji ya chumvi na sukari na zinki. Ng'ombe anachomwa sindano, maziwa yake yananywewa jioni hiyohiyo. Kila tendo moja linaonekana dogo. Lakini mtoto wa selimundu aliyelelewa katika nyumba hiyo atafika Dodoma akiwa na tumbo lililokwisha kupungukiwa na lenye bakteria wasiosikia dawa, na daktari wake atalazimika kuanza na dawa kali kuliko zote.

Kwa hospitali zetu mbili zinazopandikiza nina ombi moja. Hifadhini sampuli ya choo ya kila mgonjwa kabla ya tiba, wakati wa tiba na baada yake, hata kama leo hakuna fedha ya kuisoma. Friji ya baridi kali ni bei ndogo kuliko dozi za dawa za mgonjwa mmoja, na sampuli isiyochukuliwa leo hairudi.

Kwenu, ndugu zangu wa Robanda: mtoto ambaye hajapimwa selimundu apelekwe hospitali ya Mugumu akapimwe, na ndugu zake wajulikane damu zao. Mwenye ugonjwa anywe penisilini yake kama alivyoandikiwa. Na antibiotiki isiyoandikwa na daktari isinunuliwe, hata kama muuza duka ni shemeji yako.